Jibu: Spotilaiti zinafanya taa kubwa ififie

Habari ndugu. Umesema umefunga spotilaiti mbili za LED za wati 20 kila moja, na ukiziwasha pikipiki ikiwa inanguruma taratibu, taa kubwa inafifia na honi inakosa nguvu.

Usikimbilie kununua betri. Kwanza angalia umeme umeuchukua wapi. Wengi huunga kwenye waya wa taa kubwa kwa sababu uko karibu, na waya ule ni mwembamba. Zikiwa zako ziko hapo, zitoe. Vuta waya mpya kutoka chanya ya betri, weka fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na betri, kisha upitie kwenye rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo. Swichi ya usukani iamshe rilei tu. Wati 40 kwa volti 12 ni kama ampea 3.3, kwa hiyo fyuzi hiyo inatosha. Ethi nayo, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye fremu: kwangua rangi pale unapoufunga mpaka chuma king'ae, vinginevyo utahangaika bure.

Halafu pima betri kwa mita, taa zote zikiwaka, huku ukipiga resi kidogo. Ikisoma volti 13.5 hadi 14.5, chaji inatosha. Ikibaki chini ya 13, mfumo wa chaji wa pikipiki haumudu mzigo, punguza wati. Hujataja aina ya pikipiki, kwa hiyo hapo siwezi kukukadiria.

Na tafadhali zielekeze chini kidogo. Anayekuja mbele ukimpofusha, anaweza kukugonga wewe.