Jibu: Ndama mwenye ndigana kali ameacha kula

Ndugu, umeuliza kwa nini ndama wako mwenye ndigana kali (ugonjwa wa ng'ombe wa vimelea vinavyoenezwa na kupe) hali wala hakui, ilhali majani yapo tele. Chembe za kinga zinapopambana na vimelea hutoa protini ziitwazo saitokini, ambazo huuchochea ubongo upandishe homa na kupunguza hamu ya kula. Wakati huohuo ini huacha kuitikia ipasavyo homoni ya ukuaji, kwa hiyo hata homoni hiyo ikiwa nyingi damuni, ini halitoi IGF-1 (homoni inayochochea ukuaji) ya kutosha kukuza misuli na mifupa. Kotisoli, homoni ya msongo, nayo huvunja misuli ili kupata nishati. Kumlisha kwa nguvu, kwa maoni yangu, ni kuhangaika bure (na anaweza kupaliwa). Mwite daktari wa mifugo mapema, kwani buparvakoni, dawa ya ndigana kali, hufanya kazi vizuri zaidi ugonjwa unapoanza.