Nilikataa kusaini, sasa mke wangu hanisemeshi

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mtunza stoo, nina mke na watoto watatu, na nimeokoka. Mwaka jana bosi aliniletea hati ya mapokezi nisaini kwamba mzigo umeingia wote. Nilikwenda kuuhesabu, nikakuta maboksi hayafiki hata nusu. Nikakataa. Akasema ni saini tu, nikamjibu kwamba siwezi kusema uongo mbele za Mungu. Tangu hapo nafasi ya usimamizi niliyoahidiwa amepewa mwingine, saa za ziada nimenyimwa, na wenzangu wananiita Mtakatifu. Niliwaandikia kwenye kikundi chetu cha WhatsApp mistari ya Biblia kuhusu wezi na ziwa la moto, wakanitoa. Mke wangu aliyajua haya siku shule ilipowarudisha watoto nyumbani kwa ajili ya ada. Aliniuliza, "Dhamiri yako ndiyo itakayolipa ada?" na toka siku hiyo hanisemeshi ila kwa jambo la lazima. Mchungaji ananiambia nivumilie, Mungu ananiandalia cheo kikubwa zaidi. Sasa bosi amerudi na hati nyingine, anataka jibu mwisho wa wiki. Je, nikisaini mara hii moja tu kwa ajili ya watoto, ni dhambi? Na la mwisho: yule aliyesaini badala yangu amenifuata kwa siri, anasema wakaguzi wanakuja, ananiomba nimsaidie. Ndiye aliyenibandika hilo jina la Mtakatifu. Nifanyeje?*

*Mtunza stoo aliyechoka*

Marahaba, mwanangu. Nianze na hati, kwa sababu ndiyo yenye haraka. Usisaini.

Bosi wako anasema ni saini tu. Sasa jiulize mbona anaihangaikia hivyo. Mhasibu kabla hajalipa hushika karatasi tatu: oda, hati ya mapokezi na ankara ya muuzaji. Zikikubaliana, pesa inatoka. Oda huandikwa ofisini, ankara inatoka kwa muuzaji, na wote wawili wanaweza kuandika wanachotaka bila kuinuka kwenye viti vyao. Ni wewe peke yako uliyeingia stoo ukayaona maboksi kwa macho. Kwa hiyo anachokuomba ni ushahidi, na ile amri ya kutomshuhudia jirani uongo (wengine huihesabu ya nane, wengine ya tisa, ila wote wanayo) imeandikwa kwa ajili ya mtu aliyesimama pale uliposimama wewe. Halafu wakaguzi wakija wataanzia kwenye jina lililo chini ya karatasi. La bosi halimo.

Na hiyo "mara hii moja tu", mwanangu, haipo. Ukishasaini moja, ya pili utaikatalia kwa mdomo gani, naye ameweka ya kwanza kwenye droo yake?

Lakini kuna njia ambayo naona hukuijaribu. Hulazimiki kurudisha karatasi tupu. Saini kile ulichokipokea. Andika kwa mkono wako idadi uliyoihesabu, andika na iliyopungua, weka tarehe, kisha piga picha kabla haijatoka mikononi mwako. Kufanya hivyo ni kufanya kazi uliyoajiriwa kuifanya, na hakuhitaji hotuba yoyote kuhusu Mungu. Akiichana, ameichana yeye. Na kila atakachokuambia kwa mdomo, mwandikie baadaye kwa upole: "Kama tulivyozungumza asubuhi, umenielekeza hivi na hivi, naomba uthibitisho." Watu wa namna hiyo huwa hawapendi kuthibitisha.

Hayo ya karatasi ni mepesi. Mazito ni ya nyumbani, na hapo sitakubembeleza.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja nikitafuta mahali unaposema, "Nilirudi nyumbani jioni ile nikamweleza mke wangu." Hapapo. Unasema aliyajua siku watoto waliporudishwa. Maana yake kwa miezi kadhaa alikuwa akipanga matumizi kwa pesa ambayo wewe ulijua haiji. Alikuwa akiingoja ile nafasi ya usimamizi uliyomwambia umeahidiwa, na wewe ulijua ina mtu tayari. Halafu siku moja mlango unagongwa, watoto wamesimama na mabegi mgongoni saa za masomo, na mwenye maelezo yuko kazini. Wewe uliyasikia maneno yake kama ya mtu asiyeijali dhamiri. Mimi namsikia mwanamke aliyegundua kwamba uamuzi mkubwa kuliko yote wa mwaka ule ulifanywa nyumbani kwake bila yeye kujua.

Yesu mwenyewe alisema mtu akitaka kujenga mnara aketi kwanza, ahesabu gharama. Wewe ulihesabu. Ulijua cheo kitakwenda, ukajua watakucheka, ukakubali. Ila gharama hiyo mnailipa wawili, na mwenzako alipelekewa deni bila kuuonyeshwa mkataba.

Nitakupa mfano wa mtu aliyelipa kuliko wewe na mimi. Franz Jägerstätter alikuwa mkulima Mkatoliki katika kijiji cha Austria, mwenye mke na mabinti watatu wadogo. Alikataa kupigana katika jeshi la Hitler kwa sababu aliamini vita ile ni dhambi. Padri na hata askofu walimshauri aifikirie familia yake. Mkewe Franziska naye mwanzoni alijaribu kumshawishi, kisha akasimama naye. Walikuwa wakiandikiana barua mpaka mwisho. Alijua mumewe anafanya nini na kwa nini. Franz alikatwa kichwa tarehe 9 Agosti 1943. Sasa sikiliza sehemu ambayo wahubiri huipita haraka: wanakijiji walimlaumu Franziska kwa kifo cha mumewe, na malipo ya wajane wa vita akanyimwa hadi mwaka 1950. Alilima na kulea mabinti wale peke yake. Mwaka 2007 kanisa lilipomtangaza Franz mwenye heri, Franziska alikuwepo, bibi wa miaka 94. Sijui watu waliomshangilia siku ile wangapi walifikiria kwamba yeye alilipa kwa zaidi ya miaka sitini kile ambacho mumewe alikilipa kwa siku moja. Tofauti yake na mkeo ni kwamba yeye aliambiwa.

Kwa hiyo kabla ya mwisho wa wiki, kabla hujamjibu bosi, kaa na mkeo. Mwombe radhi kwa kumficha. Usimwombe radhi kwa kukataa, maana hapo hukukosea, na ukizichanganya hizo mbili atadhani umeshajuta na uko tayari kusaini. Mwambie kila kitu: maboksi yalikuwa mangapi, bosi alisema nini, nani amepewa ile nafasi. Mwambie na hili la wakaguzi. Huenda hajui kwamba kama ungesaini, leo ni wewe ambaye ungekuwa hulali. Kisha nyamaza. Atasema mengi, na mengine yatakuchoma. Usimjibu kwa mstari hata mmoja. Akimaliza, leteni daftari mpange ada: nani ataombwa muda, kipi kipunguzwe, shule ikubali kulipwa kidogo kidogo au la. Na wewe ndiye uende ukazungumze na mwalimu mkuu. Mkeo ameshaipata aibu yake pale mlangoni.

Kuhusu mchungaji wako, namheshimu, lakini hiyo ahadi ya cheo kikubwa zaidi ameitoa wapi? Waebrania sura ya 11 huwa inasomwa kwa sauti kubwa mpaka pale wanapofunga makanwa ya simba na kuzima nguvu za moto. Endelea mistari michache tu: wengine walipigwa mawe, wengine walikatwa kwa misumeno. Imani ni ile ile, sura ni ile ile. Wale vijana watatu mbele ya tanuru walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo." Mimi nakutakia cheo, na kikija nitafurahi. Lakini ukikaa unakisubiri kama malipo, kila mwezi kisipokuja utamwona Mungu amekudhulumu, na mwisho utasaini kwa hasira.

Wala usione haya kuchoka. Mwenye Zaburi ya 73 alitazama wasio haki wakinenepa, akasema, "Hakika nimejisafisha moyo wangu bure." Maneno hayo yamo ndani ya Biblia, na hakuna aliyeyafuta. Mpelekee Mungu hivyo hivyo yalivyo.

Sasa hili la WhatsApp. Hapa nitakukera kidogo. Petro aliwaandikia watu walioteswa kwelikweli, na bado akawaonya kwamba asiwepo wa kuteswa kama mwizi, wala kama mtu anayejishughulisha na mambo ya watu wengine. Aliviweka katika sentensi moja! Cheo ulichokosa, umekikosa kwa ajili ya haki. Kikundi ulichotolewa, umetolewa kwa sababu uliwatumia wenzako ziwa la moto asubuhi wakiwa wanapanga zamu. Sidhani wote ni wezi. Wengine wanaogopa tu kama wewe, wana watoto kama wewe, na pengine walikuwa wakikutazama kimyakimya waone kama inawezekana kukataa na kubaki mzima. Ulipoanza kuwahukumu uliwapa sababu ya kutokutazama tena. Huna haja ya kuomba urudishwe. Ila ukikutana nao kwenye korido, wasalimie kwa majina yao, na wakikuita Mtakatifu, itika. Jina la utani lisilomkera mtu halidumu.

Usiache pia kutafuta kazi nyingine. Najua wapo watakaokuambia kuondoka ni kushindwa, kwamba Mungu amekuweka hapo uwe taa. Yesu aliwaambia wanafunzi wake, "Watakapowafukuza katika mji huu, kimbilieni mwingine." Hakuwaambia wakae wapigwe ili kuthibitisha kitu. Lakini usiandike barua ya kuacha kazi ukiwa na hasira na hujapata pengine. Hiyo haitakuwa imani, na mkeo atakuwa na haki ya kukuuliza lile swali mara ya pili. Wakikufukuza, nenda kwa chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi ukiwa na zile picha na zile barua. Shirika la Kazi Duniani lina mkataba namba 158 wa mwaka 1982, unaosema kwamba kumlalamikia mwajiri kuwa amevunja sheria si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Si kila nchi imeuridhia, kwa hiyo waulize wanaojua sheria za kwenu, na uulize sasa, usingoje siku ya kufukuzwa.

Nimebakiza yule mwenzako.

Msaidie. Ila uwe na akili. Usimwandikie chochote kwa mkono wako, usibadilishe karatasi yoyote ya zamani, wala usikubali kusema ulikuwepo mahali ambapo hukuwepo. Kinachomfaa ni kuandika mwenyewe, kwa ukweli, nini kilitokea siku ile: nani alimpa hati, aliambiwa nini, alihesabu au hakuhesabu. Kisha atafute wakili ayasome maelezo hayo, ayapeleke mwenyewe kwa wakaguzi kabla hawajamwita. Mtu anayejitokeza husikilizwa tofauti na anayekamatwa. Huenda akaogopa kuandika peke yake, basi kaa naye. Hata kama ni usiku, hata kama ni yule yule wa "Mtakatifu." Wakaguzi wakikuuliza wewe, sema ulichokiona stoo na usiongeze neno juu ya moyo wa mtu.

Na mwambie mkeo unakwenda wapi kabla hujatoka.