Maswali ya Wasomaji: Kuvika Itereta Bila Kuvunja Ahadi Yake

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika programu ya Java kwa ajili ya kikundi chetu cha akiba na mikopo. Nimetengeneza klasi inayopokea itereta ya miamala, yaani kitu kinachotoa miamala mmoja baada ya mwingine, na kuificha miamala iliyobatilishwa. Ndani ya hasNext (methodi inayojibu kama kuna kitu kingine) ninaita next (inayotoa kitu kinachofuata) ya itereta ya ndani mpaka nipate muamala unaofaa, kisha ninauhifadhi ili next yangu iutoe. Kitanzi cha kawaida kinafanya kazi vizuri, lakini mwenzangu alipoongeza mstari wa kuchapisha jibu la hasNext mwanzoni mwa kila mzunguko, muamala mmoja katika kila miwili ulipotea. Kosa ni langu au lake?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mwenzako hana kosa. Klasi yako ni dekoreta, yaani inatekeleza kiolesura (orodha ya methodi zinazoahidiwa) kilekile cha Iterator kinachotekelezwa na kitu ilichokibeba ndani, na kwa sababu hiyo anayeitumia ana haki ya kuitumia kama itereta nyingine yoyote bila kujua kilichomo. Ni kama joho juu ya kanzu: linabadilisha mwonekano, lakini halimzuii aliyelivaa kutembea kama alivyozoea. Miongoni mwa mambo ambayo mtumiaji wa itereta anayategemea ni kwamba hasNext ni swali tu, ambalo linaweza kuulizwa mara moja, mara kumi, au lisiulizwe kabisa, na mfuatano wa vitu usibadilike. Yako inasogeza itereta ya ndani kila inapoulizwa, na muamala uliokwisha kuhifadhiwa unafunikwa na mwingine kabla haujatolewa.

Tiba yake ni kuongeza kigeu kimoja cha kweli au uongo, tukiite kipoTayari. Methodi ya hasNext ianze kwa kukitazama: kikiwa kweli, ijibu ndiyo papo hapo bila kuigusa itereta ya ndani, kikiwa uongo, ndipo itafute, ihifadhi ilichokipata na kukigeuza kigeu kuwa kweli. Methodi ya next nayo iite hasNext yenyewe, kwa kuwa huna hakika kwamba mtumiaji ameiita; ikipata jibu la hapana irushe hitilafu ya NoSuchElementException, na ikipata jibu la ndiyo irudishe kigeu kuwa uongo na kutoa kilichohifadhiwa. Usijaribu kuokoa mstari mmoja kwa kutumia null (thamani ya "hakuna kitu") kama alama ya kwamba hakuna kilichohifadhiwa. ArrayList, orodha ya kawaida ya Java, inakubali null kama kitu halali, na siku dekoreta yako itakapovikwa juu ya orodha ya namna hiyo, itashindwa kutofautisha kitu kilichopo na kitu kisichokuwepo.

Hukuuliza kuhusu remove, lakini hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi, kwa sababu kosa la hasNext linakuficha data ilhali kosa la remove linaifuta. Remove inatakiwa kuondoa kitu cha mwisho kilichotolewa na next. Ukiipeleka moja kwa moja kwa itereta ya ndani, na mtumiaji akawa ameita hasNext katikati, itereta ya ndani imekwisha kusonga mbele, na kitakachofutwa ni muamala ambao mtumiaji hajauona. Wengine hujikinga kwa kuikataa remove wakati kipoTayari ni kweli. Kinga hiyo haitoshi: mwishoni mwa orodha, baada ya kutafuta na kukosa, kigeu ni uongo, lakini itereta ya ndani imesimama juu ya muamala wa mwisho ulioukataa, na huo ndio utakaofutwa. Ushauri wangu ni kutoiandika remove kabisa. Tangu Java 8, iliyotoka mwaka 2014, kiolesura chenyewe kinaibeba methodi hiyo ikiwa tayari, nayo hurusha UnsupportedOperationException. Kukataa waziwazi ni bora kuliko kufuta kimakosa.

Ukija kuvika dekoreta ya pili, tuseme ya kuweka kikomo, angalia mpangilio. Kikomo cha 10 kikiwa nje ya kichujio, yaani dekoreta yako ya kwanza, utapata miamala 10 inayofaa, iwapo ipo. Kikiwa ndani, utapata ile inayofaa tu kati ya 10 ya kwanza, na huenda ikawa mitatu. Tena, kikomo kilicho nje lazima kitazame hesabu yake kabla ya kuiuliza itereta ya ndani. La sivyo, baada ya muamala wa kumi kichujio kitaanza kuutafuta wa kumi na moja, pengine hadi mwisho wa faili zima, kwa kazi isiyo na faida. Methodi za filter na limit za Stream, zilizoletwa na Java 8 hiyohiyo, zimekwisha kuyatatua haya yote, nami ningeandika dekoreta kwa mkono pale tu ambapo msimbo mwingine unadai itereta.

SWALI: Ninatumia PHP. Nina jenereta (funksheni inayotoa thamani moja moja kadiri inavyoombwa) inayosoma faili, nami nimeivika LimitIterator, dekoreta ya PHP ya kuweka kikomo. Kitanzi cha kwanza cha foreach kinakwenda vizuri, cha pili kinarusha hitilafu. Kwa nini?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Kila foreach huanza kwa kuita rewind, methodi ya kurudi mwanzo, na LimitIterator hulipeleka ombi hilo kwa kilichomo ndani. Jenereta iliyokwisha kupita hatua yake ya kwanza haiwezi kurudi mwanzo, na dekoreta haiwezi kukipa kitu ilichokibeba uwezo ambacho hakina. Tengeneza klasi inayotekeleza IteratorAggregate, kiolesura cha kitu kinachotoa itereta kikiombwa, ambayo methodi yake ya getIterator inaunda jenereta mpya na kuivika LimitIterator kila inapoitwa, kisha uipe foreach kitu cha klasi hiyo. Faili litafunguliwa upya kila mara, kwa hiyo hakikisha kwamba fopen, inayofungua faili, imo ndani ya jenereta yenyewe.