Maswali ya Wasomaji: Kazi Yangu Ni Ipi?

SWALI: Mhariri, assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkaazi wa Wilaya ya Micheweni, Pemba. Nalima mwani, nina bonde la mpunga wa kula nyumbani, na msimu wa karafuu huenda kuwachambulia watu kwa malipo. Karani wa utafiti aliponiuliza kazi yangu, nilimjibu kuwa sina, kwani kwetu mwenye kazi ni aliyeajiriwa serikalini. Je, nilikosea?

JIBU: Wa alaykum salaam, mama yetu. Ulikosea, na kosa hilo ni la wengi, nao waume wanaowasemea wake zao kwa karani hulizidisha.

Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi walikutana Geneva, chini ya Shirika la Kazi Duniani, wakakubaliana kuwa ajira ni kazi ifanywayo kwa malipo au kwa faida. Kwa kipimo hicho mwani wako ni ajira, na kuchambua karafuu ni ajira, hata kama hukupata kutia saini mkataba wowote. Mpunga wa kula nyumbani huhesabiwa kuwa ni kazi, lakini kando na ajira. Kwa maoni yangu kigezo hicho kinambana mtu wa kijijini, ambaye bila ya bonde lake angelazimika kununua mchele wote dukani.

Tatizo kubwa zaidi ni lile neno "kuu", pale karani anapokuuliza kazi yako kuu ni ipi. Bamvua linapoingia na maji kukupwa mbali, unakuwa pwani na kamba na taitai zako, vile vikamba vya kufungia mwani. Yakija maji mafu, unarudi bondeni. Na karafuu zikiiva, usiku mnakaa barazani mkitenga karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, pishi baada ya pishi. Mtu mmoja, sekta zaidi ya moja, na jibu lake linategemea karani amebisha hodi mwezi gani. Tena karafuu hazizai sawasawa kila mwaka, basi utafiti uliofanywa katika msimu mkubwa na ule wa msimu mbaya huweza kuonyesha Pemba mbili tofauti.

Kuna na jambo la mafungu ya sekta, ambalo huwashangaza wengi. Mwani, ingawa sote twasema "kulima", huwekwa katika fungu la uvuvi na ufugaji wa viumbe wa majini. Kuchambua karafuu ni kilimo. Lakini makonyo yale yale yakifikishwa kiwandani Wawi, Chake Chake, kukamuliwa mafuta, anayeyashughulikia huko huandikwa mfanyakazi wa viwanda.

Karani akirudi, mtajie kwanza kazi iliyochukua saa nyingi zaidi katika wiki anayokuuliza, kisha umwambie akuandikie na ya pili. Tafiti za nguvukazi zina nafasi ya kazi ya pili, ila karani mwenye haraka huiruka asipokumbushwa.