Maswali ya Wasomaji: Faharasa ya plagini

SWALI: Napanga kitabu cha ufugaji nyuki, kurasa 180, kwenye InDesign, programu ya kupanga kurasa. Nimefunga plagini (programu ndogo ya nyongeza) inayosoma orodha ya maneno na kutia alama za faharasa yenyewe. “Nyuki” imepewa namba za karibu kila ukurasa, “mzinga” na “mizinga” zimekaa mbalimbali, na kurasa zenye “mzingani” hazimo. Plagini ni mbovu?

JIBU: Plagini ni nzima, orodha ndiyo haijaiva. Chombo cha aina hii hulinganisha herufi. Hakijui ngeli wala maana. Kwake mzinga, mizinga, mzingani na mizingani ni maneno manne. Yaandike yote manne, kila moja likielekezwa kwenye kidahizo kimoja, yaani neno linaloonekana kwenye faharasa: mzinga.

Mwanzo wa sentensi nao ni mtego. Kitufe cha Add All cha InDesign yenyewe, kinachotia alama kila mahali neno lilipo, hutafuta neno zima na hutofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo “Mzinga” unaofungua aya hurukwa. Kama plagini yako inakuruhusu kuzima masharti hayo, zima la herufi kubwa tu. Ukizima la neno zima, “asali” itaokotwa ndani ya “masalia”. Kagua pia ritifaa (’): InDesign kwa kawaida huipinda, orodha ya Notepad huwa na iliyonyooka, na hapo ng’ombe wote hupotea.

“Nyuki” itoe kwenye orodha. Aliyeshika kitabu cha nyuki hatafuti nyuki. Anatafuta malkia, madume, vibarua, kundi kuhama. Na kidahizo kikizidi namba saba hivi, kigawe: mzinga, kisha chini yake kutundika, kukagua, kurina. Hilo halina plagini, ni la kukaa na kusoma.

Usirudie Add All juu ya alama za zamani. Haiangalii kama neno limeshatiwa alama, hivyo alama zitarundikana. Futa kwanza, ndipo uanze upya.

SWALI: Mhariri alirudisha sura ya 4 ikiwa imesahihishwa. Baada ya kuibandika, sura hiyo imetoweka kwenye faharasa.

JIBU: Alama hukaa ndani ya maandishi. Ukifuta aya, nayo imekwenda. Maandishi yaliyotoka Word yamekuja bila alama zako. Tia alama upya kwenye sura hiyo peke yake, na safari nyingine subiri maandishi yakamilike. Kurasa kusogea tu si tatizo: fungua Window, Type & Tables, Index, chagua Generate Index, weka tiki kwenye Replace Existing Index, namba zitajirekebisha. Ila chochote ulichosahihisha kwa mkono kwenye faharasa iliyokwisha kutoka kitafutika, kwa hiyo sahihisha ndani ya paneli ya Index. Kama kila sura ni faili yake, weka tiki pia kwenye Include Book Documents.

SWALI: Kwenye kitabu changu cha ushairi wa pwani, Mwana Kupona ameingia kwenye Ms badala ya Mw.

JIBU: Umetumia Ctrl+Alt+Shift+], ambayo hutanguliza neno la mwisho la jina. Inamfaa Nyerere, Julius Kambarage. Kwa Mwana Kupona binti Mshamu inazaa “Mshamu, Mwana Kupona binti”, kituko ambacho hakuna atakayekitafuta. Majina ya bin na binti yaingize kwa Ctrl+Alt+Shift+[, isiyogeuza kitu. Vasco da Gama akitakiwa awe “da Gama, Vasco”, futa nafasi iliyo kati ya da na Gama, bonyeza Ctrl+Alt+X kuweka nafasi isiyokatika, kisha tumia ile ya kwanza.

SWALI: Sina fedha ya InDesign. Kuna njia ya bure?

JIBU: LibreOffice Writer, bila plagini yoyote. Kwenye menyu ya Insert tafuta Table of Contents and Index, chagua aina ya Alphabetical Index, weka tiki kwenye Concordance file, yaani faili la orodha ya maneno, na uanzishe faili la .sdi. Kila umbo la neno hupewa mstari wake, sehemu sita zikitenganishwa kwa nukta mkato:

mizinga;mzinga;;;0;1
mzingani;mzinga;;;0;1

La kwanza ni neno la kutafutwa, la pili ni litakaloonekana. Sufuri inasema herufi kubwa isijaliwe, na 1 ya mwisho inataka neno zima. Nafasi mbili tupu za katikati ni za vidahizo vya juu. Andika “vifaa” kwenye ya kwanza, na mzinga utakaa chini ya vifaa.