Uyoga mamama: uvune mchanga au uache kofia ifunguke?

Mkuu wa Kisesa, umeuliza hivi: mnunuzi anataka mamama (uyoga wa oyster) "mchanga tu" kwa kuwa ndio wenye antioksidanti nyingi, na wewe kwenye mzani unaona hasara. Anachosema ni kweli nusu.

Antioksidanti ni kemikali zinazokinga seli zisiharibiwe na molekuli korofi za oksijeni. Kwenye mamama, za kuzungumzia ni fenoli na ergothioneini. Kiwango chake hubadilika tangu pini (vichipukizi vidogo vya mwanzo) hadi kofia kuzeeka, ila hakuna jibu moja la uyoga wote. Inategemea aina, kama umepima kofia au shina, na umepima vipi: sampuli iliyolowekwa kwenye maji na iliyolowekwa kwenye methanoli (alkoholi ya maabara) zinaweza kutoa washindi tofauti. Halafu muulize tarakimu zake ni za gramu mbichi au kavu. Uyoga mbichi ni maji kama asilimia 90. Ukimwagilia asubuhi ukavuna mchana, kiwango kwa gramu mbichi kinashuka na uyoga haujapoteza chochote.

Mimi ningevuna kwa kutazama ukingo wa kofia, si siku. Kwa joto letu la Mwanza, pini hufika kuvunwa kwa siku 3 hadi 5, na saa chache tu zinaweza kukupita. Ukingo ukiwa bado umejikunja kuelekea chini, uzito umeshaingia, nyama ni laini na spora (vumbi la kuzaliana) hazijaanza kumwagika. Ukinyooka, umechelewa kidogo. Ukipinda juu na ukaona vumbi jeupe juu ya kofia za chini, huo peleka sokoni siku hiyohiyo, hautunziki. Vumbi hilo pia linaleta kikohozi na kubana kifua, kwa hiyo bandani vaa barakoa. Kuvuna pini nako ni kujinyima, labda mnunuzi alipe kwa gramu kavu bei ya kufidia. Na usichanganye: mashina marefu yenye vikofia vidogo si uyoga mchanga, ni banda lisilopitisha hewa.

Kinachopoteza zaidi ni yanayofuata baada ya kuvuna. Uyoga ukibonyezwa au kukatwa, kimeng'enyo chake kinakutana na fenoli na hewa, ndiyo ile rangi ya kahawia. Acha kumwagilia kwa muda wa saa 12 kabla ya kuvuna, zungusha kichala kizima kitoke na kitako, punguza kitako, chana kwa mkono nyuzi nene kama penseli, anika ndani ya saa moja au mbili. Usichemshe ukamwaga maji. Fenoli nyingi na ergothioneini zinayeyuka majini. Ergothioneini inavumilia moto vizuri, kwa hiyo mchuzi ukinywewa hujapoteza kitu kikubwa.

Kausha kwenye nyuzijoto 50 hivi mpaka uvunjike kwa mlio kama biskuti. Kilo 10 mbichi hutoa kama kilo 1. Ukijipinda bila kuvunjika, bado. Mvua za Machi na Aprili zitauotesha ukungu ndani ya mfuko. Jua la mchana nusu saa, mashavu ya kofia (mikunjo ya chini yake) yakitazama juu, linaongeza vitamini D2, ambayo ni habari nyingine na antioksidanti. Ila msianike kwenye chanja za dagaa, tafadhali. Uyoga unanyonya harufu, na hakuna mteja wa "dawa" atakayenunua chai yenye harufu ya mwalo.

Ukitaka kumjibu mnunuzi kwa ushahidi, toa vichala vitatu kwenye mkupuo (awamu ya mavuno) mmoja wa mifuko iliyooteshwa siku moja: ukingo uliokunjika, ulionyooka, uliopinda juu. Tenga kofia na mashina, kausha joto moja, pima uzito kabla na baada, saga, funga bila hewa, andika saa ya kuvuna. Maabara wapimie vyote siku moja kwa njia moja, majibu kwa gramu kavu. Pini zake ziingize kama sampuli ya nne, gharama alipe yeye.