Ping inapita, runinga za Mikindani giza

SWALI: Shikamoo mzee. Nasimamia mtandao wa nyumba ya wageni yenye majengo mawili, Shangani na Mikindani. Seva ya chaneli za runinga (10.10.1.20) iko Shangani, inarusha kwa multikasti (mrusho mmoja kwa wote waliojiunga) kwenye kikundi 239.1.1.5. Shangani picha safi, Mikindani kioo cheusi, ingawa seva naiping (pakiti ya majaribio inakwenda na kurudi) bila shida. Tuna faiba, na antena za akiba. Masika faiba ilikatika, tukapitisha kila kitu kwenye antena; sasa imeshaungwa. TTL (idadi ya ruta ambazo pakiti inaruhusiwa kupita) nimepandisha hadi 16, RP (ruta inayowakutanisha mtumaji na wapokeaji wa kikundi) ni ya Shangani. Ruta ya Mikindani, nikiandika show ip mroute (orodha ya njia za multikasti), inasema "Incoming interface: Null, RPF nbr 0.0.0.0". Nimenunua hadi swichi mpya.
Msomaji, Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu. Swichi irudishe dukani kama bado wanaipokea, haina kosa.

TTL umefanya vyema; programu nyingi hurusha multikasti kwa TTL 1, ikafia ruta ya kwanza. Ila ping ndiyo inayokuzuga. Ping haijali imepita mlango gani, mradi ifike. Multikasti inajali sana. Ruta hujiuliza: nikitaka kumfikia mtumaji, au RP, napita wapi? Ombi la kikundi hulipeleka huko huko, na pakiti ikija kwa mlango mwingine huitupa; ukaguzi huo ndio RPF. Ni kama mlinzi aliyeshikilia kwamba mtu wa Msangamkuu huja kwa kivuko: ukimtokea kwa barabara, anakurudisha hata kama kwenu ni huko kweli.

Hiyo Null, yaani hakuna mlango wa kuingilia, ingekuwa kawaida kwenye mstari wa (*,G), ule wa kikundi kwa mtumaji yeyote, wa ruta ambayo yenyewe ndiyo RP. Yako siyo. Kwa hiyo nasoma hivi: njia mliyoandika kwa mkono wakati wa masika bado ipo, inaelekeza 10.10.1.0 kwenye antena, na upande wa antena PIM, lugha ambayo ruta hutumia kupelekeana maombi ya vikundi, haijawashwa. Ombi halina pa kutokea.

Andika show ip rpf 10.10.1.20, kisha show ip pim neighbor. Jirani ataonekana kwenye faiba peke yake. Futa ile njia ya mkono, trafiki irudi kwenye faiba, na mstari wa mroute utajaa wenyewe.

Kuna watakaokwambia uwashe PIM kwenye antena. Itafanya kazi, lakini kama ni antena za jamii ya Wi-Fi, multikasti humo mara nyingi huenda kwa kasi ya chini na pakiti ikipotea hairudiwi. Wageni wataona picha ya vipande vipande. Wengine watakupa ip mroute ya kudumu, yaani njia ya multikasti iliyoandikwa kwa mkono. Siipendi: faiba ikikatika tena, hakuna atakayekumbuka kwamba ipo.

Picha ikishatoka, hakikisha IGMP snooping (swichi kusikiliza nani ameomba chaneli ipi) imewashwa kwenye swichi ya Mikindani, la sivyo chaneli zitamwagwa kila tundu, hadi kwenye Wi-Fi ya wageni.